MIPIRA YA PETROLI INAPOZEEKA: GARI NI LA TAJIRI, NGOZI NI YAKO



Ukurasa huu kwa kawaida huzungumza juu ya mishahara, likizo na saa za kazi. Leo tutazungumza juu ya kipande cha mpira ambacho unene wake hauzidi kidole. Tunafanya hivyo kwa sababu mwenzetu mmoja, fundi wa gereji, alifika ofisini kwetu mikono yote miwili imefungwa bandeji, na chanzo cha mkasa wake kilikuwa ni kipande cha mpira kama hicho.

Tunajua wengine watauliza: sisi ni watu wa mashamba ya miwa na chai, sisi ni watu wa viwandani, gari la starehe la tajiri linatuhusu nini? Linatuhusu, ndugu. Mpira unaopeleka petroli katika gari hilo ni ndugu wa mpira ulio katika pampu ya maji ya shambani, katika jenereta ya kiwandani, na katika pikipiki unayopanda kwenda kazini. Ukijua mmoja umejua yote. Na anayeinama juu ya injini siku inaposhika moto si mwenye gari. Ni mfanyakazi.

YALIYOMPATA MWENZETU

Gari lilikuwa Datsun 240Z, gari dogo la mbio lenye viti viwili. Lilikuwa limekaa bandani miaka mingi bila kuwashwa. Mwenyewe alitaka lifufuliwe kwa ajili ya maonyesho ya magari ya zamani, tena kwa haraka.

Fundi wetu alipolikagua aliona mpira mmoja karibu na chujio la petroli unadondosha. Aliibonyeza mingine kwa kidole, akaikuta migumu kama kuni. Akamwambia msimamizi: "Mzee, mipira yote imekwisha. Tubadilishe yote." Msimamizi akazungumza na mwenye gari kwa simu, kisha akarudi na jibu: "Badilisha huo unaovuja. Mingine tutaangalia baadaye."

Ukanunuliwa mpira futi moja na klipu mbili. Ukafungwa vizuri. Gari likawaka, kila mtu akafurahi. Injini ilipopata moto, fundi akainama kurekebisha kabureta. Hapo ndipo mpira mfupi wa kabureta ya nyuma, ambao haukuguswa, ulipopasuka. Petroli ikamwagikia chuma cha moto cha moshi. Moto ulizimwa kwa mchanga, maana kizimamoto cha gereji kilikuwa tupu.

Gereji ikaandika katika taarifa yake: "uzembe wa fundi". Tutarudi kwenye neno hilo mwishoni. Kwanza tueleze kazi yenyewe, kwa sababu mfanyakazi anayeijua kazi yake ni vigumu kumbandika uzembe.

GARI LENYEWE

Datsun 240Z ilianza kuuzwa mwaka 1969 na ikaendelea kutengenezwa kwa jina hilo mpaka mwaka 1973. Wazee wetu wanaikumbuka kwa ajili ya mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda Safari kwa gari hili. Mwaka 1973 alishinda kwa gari hili Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Kwa sababu ya sifa hiyo, magari haya yanatafutwa na kufufuliwa mpaka leo, na tangu mwaka 2003 yameonekana katika mbio za magari ya zamani za East African Safari Classic. Lakini gari la mwaka 1971 sasa limepita umri wa miaka 50. Chuma chake kinaweza kuvumilia. Mpira hauwezi.

Ili uelewe hatari, fuata safari ya petroli ndani ya gari. Tangi liko nyuma, chini ya sakafu ya buti. Kutoka hapo petroli inapita katika mpira mfupi, kisha inaingia katika bomba la chuma linalopita chini ya sakafu mpaka mbele. Mbele inapita tena katika mpira na kuingia katika chujio, halafu mpira mwingine mpaka pampu. Pampu hiyo haitumii umeme. Inasukumwa na injini yenyewe, nayo imefungwa ubavuni mwa kichwa cha injini, upande wa mbele. Pampu inaisukuma petroli katika mabomba membamba ya chuma mpaka upande wa pili wa injini, na huko mipira mifupi inaipeleka katika kabureta mbili. Petroli isiyotumika inarudi tangini kwa njia yake.

Sasa sikiliza jambo kubwa. Katika injini nyingine, petroli inaingilia upande mmoja na moshi unatokea upande mwingine. Katika injini hii, vyote viko upande mmoja. Kabureta zinakaa juu, na chuma kinachokusanya moshi, yaani manifoldi, kiko chini yake. Bati la kukinga joto lipo katikati, lakini bati hilo si dari ya nyumba. Mpira wa kabureta ukipasuka, petroli inaangukia mahali penye joto kali kuliko pote katika gari. Kwa hiyo katika gari hili hakuna mpira wa "baadaye".

KWA NINI MPIRA UNAZEEKA

Watu wengi wanafikiri mpira unazeeka kwa nje, kwa jua na vumbi. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Mpira unazeeka kwa ndani pia, na huko jicho halifiki.

Mpira unaotoka kwa mti haufai kabisa kwa petroli. Ukiutia ndani yake unavimba na kulegea. Kwa hiyo mipira ya petroli hutengenezwa kwa mpira wa kiwandani unaovumilia mafuta, pamoja na nyuzi za kuutia nguvu na dawa za kuufanya uwe laini. Miaka inavyopita, petroli huzifyonza zile dawa za ulaini kidogo kidogo. Maadamu gari linatembea, mpira unabaki umelowa na umevimba kidogo, kwa hiyo unaziba. Gari likiwekwa, petroli inakauka. Mpira unasinyaa na kuwa mgumu. Nyufa ndogo zinafunguka, na pale penye klipu panakuwa na nafasi. Siku petroli inapotiwa tena, ndipo ajali inapoanza. Ndiyo maana gari lililokaa bandani miaka 10 ni la hatari kuliko lile linaloenda sokoni kila siku.

Kuna jambo jingine, na hili linawahusu hasa ninyi wa mashamba ya miwa. Katika nchi nyingi petroli ya leo huchanganywa na etanoli, yaani spiriti inayotengenezwa kwa molasi au nafaka. Katika nchi jirani jambo hili si geni: Zimbabwe ilianza kutengeneza spiriti ya kuchanganya na petroli huko Triangle mwaka 1980, Malawi ilianza mwaka 1982 huko Dwangwa, na Kenya nayo ilichanganya katika miaka ya 1980. Hapa Uganda sheria ya nishati ya mimea ilipitishwa mwaka 2020. Sisi hatupingi spiriti ya miwa. Ni kazi ya mikono yetu na ni mkate wa watu wengi. Lakini mipira ya mwaka 1971 haikutengenezwa kwa ajili yake. Etanoli huivimbisha na kuilainisha mipira ya namna ile, hubandua uchafu wa zamani ndani ya tangi na kuupeleka katika chujio, tena hunywa maji ya hewani ambayo hula chuma. Kwa hiyo mpira uliodumu kwa petroli ya zamani unaweza kuharibika upesi kwa petroli ya leo.

Utajuaje kwamba mpira umekwisha? Upinde kidogo: ukiona nyufa kama za udongo wa kiangazi, umekwisha. Ubonyeze: ukiwa mgumu kama kuni, au laini kama ndizi iliyoiva, umekwisha. Unuse: harufu ya petroli asubuhi, kabla gari halijawashwa, ni dalili tosha. Na kama hujui umri wake, hesabu kwamba umekwisha.

MJUE ADUI

Petroli majimaji haiwaki yenyewe. Kinachowaka ni mvuke wake. Mvuke huo hutoka hata kwenye baridi kali kuliko barafu, sembuse joto la gereji yetu. Hewa ikiwa na mvuke kiasi cha asilimia 1.4 tu, cheche moja inatosha.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara 3 hadi 4. Haupandi juu kama moshi. Unashuka, unatambaa sakafuni, unaingia katika shimo la gereji na kutulia humo kama maji kisimani. Anayevuta sigara mlangoni anaweza kumchoma aliye shimoni. Kwa hiyo kazi ya petroli haifanywi juu ya shimo hata siku moja.

Petroli inaumiza pia bila moto. Ndani yake mna benzeni, inayojulikana kuwa inaleta saratani ya damu. Petroli ya zamani ilikuwa pia na risasi, sumu ya ubongo, ambayo nchi zetu ziliacha kuitia ilipofika mwanzo wa mwaka 2006. Tangi lililofungwa kabla ya hapo linaweza kuwa na masalia yake. Kwa hiyo usinawe mikono kwa petroli kama wengi tulivyofundishwa. Na usinyonye petroli kwa mdomo kwa kutumia mpira. Tone likiingia mapafuni linaweza kuua. Mtu akimeza, asitapishwe, apelekwe hospitali.

KABLA YA KUSHIKA SPANA

Haya ni mambo ya kudai kwa msimamizi kabla ya kuanza, wala si ya kuomba kama fadhila.

Kwanza, mahali pa wazi penye hewa, mbali na shimo, jiko, mashine ya kuchomelea na mashine ya kunoa.

Pili, kizimamoto cha unga au cha povu, kilichojaa, kikae karibu na mkono wako na si ofisini. Maji hayafai kwa moto wa petroli, yanautawanya.

Tatu, injini iwe imepoa kabisa. Toa waya wa betri, ule wa hasi kwanza.

Nne, gari likae juu ya stendi imara, na magurudumu yazuiwe. Jeki ni ya kunyanyulia tu, si ya kulalia chini yake.

Tano, taa. Taa ya balbu tupu inayoning'inia imewaua mafundi wengi: inaanguka, balbu inapasuka, cheche inatoka. Tumia mwanga wa mchana, au tochi iliyofungwa vizuri ambayo umeiwasha ukiwa mbali.

Sita, glavu zinazovumilia petroli na miwani ya kukinga macho. Ukilala chini ya gari, petroli haiangukii kifuani peke yake.

KUTOA MIPIRA YA ZAMANI

Fungua kifuniko cha tangi ili presha itoke. Tangi la gari hili lina bolti ya kumwagia chini yake. Mwaga petroli katika debe la chuma lenye kifuniko, na debe liguse chuma cha gari au liunganishwe nacho kwa waya. Usitumie beseni la plastiki, kwa sababu petroli inapotiririka huzaa umeme mdogo, na umeme huo ukikosa njia unatoa cheche. Debe lifunikwe na kupelekwa mbali.

Kabla ya kutoa mpira wa kwanza, chora picha. Haidhuru kama hujui kuchora. Chora tangi, pampu na kabureta, kisha weka mistari. Funga kitambaa au kikaratasi chenye namba katika kila mpira. Njia ya kwenda na njia ya kurudi zikibadilishana, utapoteza siku nzima ukitafuta ugonjwa uliouleta mwenyewe.

Mpira wa zamani huwa umeganda juu ya bomba. Usiuvute kwa koleo, maana utapinda bomba la chuma au kuvunja mdomo wa kabureta. Upasue kwa kisu kwa urefu wake, taratibu, kisha uumenye kama ganda la muhogo. Jihadhari kisu kisichore bomba, kwa kuwa mchoro huo utakuwa njia ya kuvuja kesho. Ziba kila mdomo ulioachwa wazi.

Sasa kagua mabomba ya chuma. Pitisha kitambaa kwa urefu wote, hasa pale yanaposhikwa na vibanio chini ya sakafu, kwa sababu hapo ndipo matope na unyevu hukaa. Ukiona kutu yenye mashimo, bomba libadilishwe. Halichomelewi, na halifungwi kwa mpira na waya.

Hapa tutamke kwa sauti kubwa: TANGI LA PETROLI HALICHOMELEWI GEREJINI. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa limejaa mvuke. Kuosha kwa sabuni na maji mara moja hakutoshi. Wako mafundi waliokufa kwa tangi ambalo "lilikuwa limekauka wiki nzima". Anayekuamuru uchomelee tangi anakuamuru ukae juu ya bomu.

KUWEKA MIPYA

Usikubali mpira wowote ule mweusi. Mpira wa maji ya rejeta, mpira wa hewa, mpira wa kumwagilia bustani, yote inafanana kwa macho na yote itayeyuka. Soma maandishi yaliyo juu ya mpira. Mpira wa petroli wa kufaa huandikwa SAE 30R7 au SAE 30R9. Ule wa R7 ni wa magari ya kabureta kwa petroli ya kawaida. Ule wa R9 umewekwa ndani utando wa namna nyingine unaovumilia etanoli zaidi na kupitisha mvuke kidogo. Bei yake ni kubwa, lakini ndio tunaoshauri. Mpira usio na maandishi yoyote, urudishe dukani. Mpira wa plastiki unaopitisha mwanga, kama wa pikipiki, usitumike karibu na injini hii, kwa sababu joto huugandisha na kuupasua.

Pima bomba kabla ya kununua. Katika gari hili njia ya kwenda kwa kawaida hutaka mpira wenye tundu la milimita 8, na njia ya kurudi milimita 6. Mpira mkubwa kuliko bomba haukazwi kwa klipu ukawa sawa. Utajikunja, na mkunjo ni mlango wa petroli.

Kata kwa kisu kikali, mkato ulionyooka, si kwa msumeno unaoacha unga wa mpira ndani. Puliza mpira mpya kabla ya kuufunga. Paka tone la mafuta safi ya injini mdomoni mwa bomba, kisha usukume mpira mpaka upite ule uvimbe wa bomba na kuingia kama sentimita mbili na nusu. Klipu ikae nyuma ya uvimbe, si juu yake wala mwisho kabisa wa mpira.

Klipu ya kawaida ina matobo, na ukiikaza sana inaukata mpira kama wembe. Tafuta klipu za petroli, zenye mkanda laini usio na matobo. Kaza mpaka mpira ushike, basi. Waya wa kufungia si klipu. Tumeuona katika magari mengi, tumeuona pia katika pampu za shambani, na kila mara tunauliza: waliookoa bei ya klipu walimwokolea nani?

Mpira usiguse manifoldi, usiguse ncha ya bati, wala usikunjwe kwa nguvu. Bati la kukinga joto lirudishwe mahali pake. Wengine huliacha kwa sababu linasumbua kufunga. Weka chujio jipya, kwa sababu la zamani litajaa uchafu mara moja.

Usisahau nyuma. Magari haya yanajulikana kwa kunuka petroli ndani, na wenyewe huzoea wakisema ni tabia yake. Si tabia. Nyuma ya mapambo ya ndani, upande wa mdomo wa kujazia, kuna mpira mnene wa kujazia na mipira ya kupitisha mvuke. Nayo ina umri ule ule. Anayebadilisha ya mbele peke yake amewakinga wanaosimama nje, akawaacha wanaokaa ndani.

KUJARIBU

Tia petroli kidogo, lita 5 zinatosha. Kwanza angalia chini kwa dakika kadhaa bila kugusa kitu. Kisha rudisha betri, ondoa waya wa koili ili plagi zisichome, na uzungushe injini kwa stata ili pampu ivute. Pitisha karatasi kavu katika kila kiungo, maana karatasi huonyesha unyevu ambao jicho halioni. Kama pakavu pote, rudisha waya wa koili na uwashe, mwenzako akiwa amesimama na kizimamoto mkononi. Usiiname juu ya kabureta dakika za kwanza.

Injini ipate moto, izimwe, ikaguliwe tena. Kagua baada ya siku moja, na tena baada ya wiki, kwa sababu mpira mpya hutulia na klipu hulegea kidogo. Andika tarehe katika daftari la gari. Mwaka ukipita, kagua. Na usingoje miaka 50 mingine.

Ikiwa moto utatokea: zima injini, ondoka, tumia kizimamoto kwa kulenga chini ya mwali. Aliyeungua, maji safi ya kutiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, siagi na yai viache jikoni. Kisha hospitali.

TURUDI KWENYE NENO "UZEMBE"

Sasa mmeijua kazi. Tuambieni, uzembe ulikuwa wa nani? Wa aliyesema mipira yote imekwisha, au wa aliyesema ibadilishwe mmoja? Wa aliyeinama kufanya kazi, au wa aliyeacha kizimamoto tupu ukutani?

Tulipokaa na menejimenti, walisema fundi hakutoa ushauri wowote, na ni kweli kwamba hakuwa ameandika. Kilichomsaidia ni risiti ya duka la spea: mpira futi moja, klipu mbili. Tuliiweka mezani. Tukauliza ni fundi gani mwenye akili, akiachiwa kuamua mwenyewe, angenunua futi moja kwa gari lenye mipira mbele mpaka nyuma. Msaidizi wake naye akaeleza aliyoyasikia. Mwisho wa mazungumzo neno "uzembe" lilifutwa, gharama za hospitali zikalipwa, na madai yake ya fidia yakapelekwa kunakohusika. Amerudi kazini. Lakini vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji, na hakuna duka la spea linalouza vidole.

Katika mkasa huu tunajifunza mambo matatu.

La kwanza: sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya Uganda inamtaka mwajiri amlipe mfanyakazi aliyeumia kwa ajili ya kazi na akiwa kazini. Haimtaki kwanza athibitishe kosa la mwajiri. Kwa hiyo usitishwe na neno "uzembe" ukakaa kimya nyumbani. Toa taarifa mara moja, upate karatasi ya daktari, na uje chamani.

La pili: sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2006 inampa mwajiri wajibu wa kuleta vifaa vya kukinga bila kumkata mfanyakazi mshahara, na inatambua haki ya mfanyakazi kuondoka mahali penye hatari iliyo wazi. Kukataa kuwasha injini yenye mipira iliyooza si ukaidi.

La tatu, na hili ni rahisi kuliko yote: ANDIKA. Kila gereji iwe na daftari. Fundi aandike: "Nimekagua. Mipira yote ya petroli ibadilishwe." Msimamizi akikataa, aandike jibu lake na kutia sahihi. Tumeona mara nyingi kwamba mtu anayeambiwa atie sahihi chini ya neno "hapana" hubadilisha mawazo, na mipira hununuliwa siku ile ile.

Matawi ya mashambani na viwandani nayo yafanye hivyo hivyo kwa pampu, jenereta na misumeno ya petroli. Wajumbe wa kamati za usalama wapite wiki hii na kubonyeza kila mpira kwa kidole. Ule mgumu kama kuni waandike namba ya mashine yake, na waulete katika mkutano wa tawi.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.